Fedha za tabianchi kutoka Ulaya si hisani, na mara nyingi si za bure

"Wafadhili wametuonea huruma, tusiwaudhi kwa maswali mengi." Kauli hii naisikia karibu kila ninapokaa na maofisa wa halmashauri au asasi kuandaa andiko la mradi, na imenichosha. Ina makosa mawili kwa mpigo.

Kwanza, huruma haimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 1992 una orodha ya nchi tajiri zenye wajibu wa kuzigharamia nchi zinazoendelea, na jumuiya ya Ulaya imo humo. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Paris kikaurudia wajibu huo. Mtu hapigiwi magoti kwa kutimiza alichotia saini.

Pili, hiyo bure iko wapi? Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya, nchi wanachama wake na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya walitangaza euro bilioni 28.5 za fedha za umma kwa ajili ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Ni nyingi, sibishi. Ila ruzuku ilikuwa karibu nusu tu. Ukijumlisha nchi tajiri zote, picha ni mbaya zaidi: ahadi yao kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen wa 2009, dola bilioni 100 kwa mwaka, ilitimizwa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2022, miaka miwili baada ya muda wake, na kwa hesabu za OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, mikopo ilikuwa asilimia 69 ya fedha za umma. Mkopo huingizwa kwenye hesabu hizo kwa thamani yake yote, pamoja na kile tutakachorudisha. Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 kwenye mkutano wa Glasgow mwaka 2021 ili iachane na makaa ya mawe. Mchanganuo ulipotoka, ruzuku ilikuwa takriban asilimia 4.

Kwa hiyo uliza, tena kwa sauti: ruzuku ni kiasi gani, riba ni ngapi, muda wa nafuu kabla ya kuanza kulipa ni miaka mingapi, na deni liko kwa sarafu gani? Hilo la sarafu ndilo husahaulika, kisha shilingi ikishuka deni linavimba bila mtu kukopa hata senti. Na kwa miradi ya kuhimili athari za tabianchi, kama ukuta wa bahari au mitaro ya maji ya mvua, ushauri wangu haubadiliki: usikopee. Mtaro hauuzi tiketi.

Kuna kauli nyingine ninazozisikia. "Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ikisema, Ulaya imesema." Hapana. Msimamo wa kwenye majadiliano hupitishwa na mawaziri wa nchi 27, na huvutana kwelikweli. Lengo lao la 2035 walilikubali Novemba 2025, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Belém, Brazil, tena likiwa la kuanzia hapa hadi pale: kupunguza gesijoto kwa asilimia 66.25 hadi 72.5 chini ya kiwango cha 1990. Ukipeleka hoja Brussels, ipeleke na kwenye miji mikuu ya wanachama, kama Warsaw ya Poland.

"Ni sisi dhidi yao." Inategemea ajenda. Kwenye mkutano wa Durban, 2011, Ulaya ilisimama pamoja na nchi za visiwa na kundi la nchi maskini zaidi, ambamo Tanzania imo, na njia ya kuelekea Paris ikafunguka. Sharm el-Sheikh, 2022, Ulaya hiyohiyo iliukwepa mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizokwisha kuumizwa na tabianchi, hadi saa za mwisho, ndipo Frans Timmermans, mkuu wa ujumbe wake, akakubali kwa sharti kwamba ulenge nchi zilizo hatarini zaidi. Mfuko huo si fidia. Uamuzi wa Paris wa 2015 uliufunga mlango huo, basi acheni kuandika "fidia" kwenye maandiko yenu.

"Ushuru wa kaboni mpakani utaua kahawa yetu." Ushuru huo, ambao Ulaya huutoza bidhaa za nje kulingana na gesijoto zilizotoka wakati wa kuzitengeneza, unahusu saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na haidrojeni. Wa kukosa usingizi ni Msumbiji yenye aluminiamu yake. Kahawa iko chini ya kanuni nyingine ya Ulaya, ya ukataji misitu: isitoke kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na vyama vya ushirika vimepumua. Vingeutumia muda huo kupima mashamba ya wanachama na kuhifadhi kuratibu zake, yaani namba za ramani zinazoonyesha shamba lilipo, maana mnunuzi ataziomba kabla ya kuuliza bei.