Degedege na hofu ya sindano

Huku Pwani ya Tanzania, mtoto akikakamaa, macho yakageuka juu na povu likamtoka, hakosi mtu uani atakayesema: "Msimpeleke hospitali, akichomwa sindano atakufa."

Wazee walieleza kuwa degedege ni shetani anayejigeuza ndege, na kivuli chake kikimpitia mtoto ndipo humpata. Basi mtoto hufukizwa kinyesi cha tembo. Ukweli ni kwamba mtukutiko huo huja na homa, na mara nyingi homa yenyewe ni malaria, ambayo ikiwa kali huweza kushika ubongo. Huweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo.

Hofu ya sindano siidharau, kwa sababu watu waliyaona kwa macho yao. Mtoto alifukizwa siku mbili, akafikishwa hospitali damu imemwishia, akachomwa sindano, akafa. Kilichoonekana ni sindano. Zile siku mbili hakuna aliyezihesabu. Kumbe atesuneti ya sindano ndiyo dawa inayotangulizwa kwa malaria kali. Vidonge vya dawa mseto vinafaa malaria isiyo kali, na aliyepoteza fahamu atavimezaje?

Wengine humkaba mtoto kwa kijiko mdomoni asijing'ate ulimi. Kijiko humvunja meno na kumziba pumzi. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimnyweshe kitu.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kila homa ni malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto chini ya miaka 5. Tena si sawa kila mahali: Zanzibar, Arusha na Kilimanjaro ni chini ya asilimia 1, ilhali Tabora ilipita 20. Kwa hiyo apimwe kwanza, tone la damu la kidoleni linatosha. Pasipoonekana malaria, muulize mganga wa zahanati homa inatoka wapi, maana nimonia nayo inaua.

Wapo pia wasemao maembe huleta malaria. Hayaleti. Msimu wake hukutana na mvua za vuli, na mvua huzalisha mbu.

Mtoto akishikwa na degedege, safari ianze saa ileile. Bibi akitaka kumsomea dua, na asome njiani.