Kovu la upasuaji: upake nini, na lini

Nimetolewa nyuzi jana. Nianze dawa ya kovu?
Hapana. Kutolewa nyuzi si kupona. Dawa ya kovu hupakwa kwenye ngozi iliyofunga kabisa: hakuna tundu, hakuna gamba, hakuna unyevu. Kwa wengi hilo huchukua wiki 2 hadi 3 tangu upasuaji, na mwenye kisukari huchelewa zaidi.

Jirani alimwagia unga wa kapsuli, akapona vizuri.
Alipona licha ya unga ule. Kapsuli ya kumeza ni ya kumeza. Unga wake huganda juu ya mshono na kuficha usaha unaojikusanya chini, na kuna wanaopata mzio. Dawa ya meno na spiriti huunguza ngozi changa. Majivu na kinyesi cha ng'ombe vinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda inaua. Tafadhali, kidonda kibichi kisipakwe chochote ambacho hukuandikiwa hospitali.

Mshono unatoa majimaji kidogo tu. Nisubiri ukauke?
Usisubiri, rudi leo. Majimaji mapya, usaha, harufu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa ya 38 au zaidi: lolote kati ya hayo linatosha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa pembeni ya mshono kwa mgongo wa mkono safi. Pakiwa pa moto au pagumu, nenda. Aliyejifungua kwa upasuaji ajikague kwa kioo, maana mshono hujificha chini ya mkunjo wa tumbo. Kidonda kilichooza au kuachia huacha kovu pana kuliko lile ulilokuwa unalihofia.

Kikishafunga, nipake nini?
Silikoni, inayopatikana kama jeli ya kupaka au plasta ya kubandika juu ya kovu, ndiyo inayopendekezwa kwanza. Jeli hupakwa mara 2 kwa siku, utando mwembamba tu, uachwe dakika 5 ukauke kabla ya kuvaa nguo. Ile ya plasta hukaa angalau saa 12 kwa siku. Ivue kila siku, uioshe na uoshe ngozi kwa sabuni isiyo kali. Endelea miezi 2 hadi 3. Wiki moja haitoshi kuihukumu.

Bei ikikushinda, tumia mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kuanzia wiki ya 4 hivi, sugua kovu taratibu kwa kidole dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku, ukibonyeza hadi ngozi isogee juu ya nyama ya chini. Kovu lililo wazi kwa jua lifunike, lisije likawa jeusi zaidi.

Mafuta ya vitamini E hayajathibitika kusaidia, na huwawasha baadhi ya watu. Krimu za klobetazoli na betamethazoni zinazouzwa kama za kung'arisha hukondesha ngozi, usijipangie mwenyewe.

Kovu linazidi kukua.
Likivuka mipaka ya jeraha la awali, hiyo ni keloidi. Krimu peke yake haitoshi. Hutibiwa kwa sindano ndani ya kovu, kila wiki 4 hadi 6. Usikubali likatwe tu bila tiba nyingine, maana mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi.

Mshono wote umefunga isipokuwa kona moja inayolowa. Nipake silikoni sehemu nyingine?
Hapana. Kaionyeshe kona hiyo kwanza. Leo.