Ukungu katika Jicho la Mbwa Si Uzee Daima

Wafugaji wengi huamini kwamba jicho la mbwa likiingia ukungu, huo ni uzee tu, na kwamba matone yaliyobaki baada ya mtu kutibiwa macho yanatosha kumsaidia. Imani hiyo ina chanzo cha kweli: kuanzia umri wa miaka 7 hivi, lenzi ya mbwa hukazana na kuonekana ya buluu iliyochanganyika na kijivu, polepole na katika macho yote mawili, bila maumivu, naye huendelea kuona vyema.

Hata hivyo, ukungu huweza kutokana na mtoto wa jicho, kidonda cha konea (utando angavu wa mbele ya jicho) au presha ya jicho, na hii ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa inaweza kupofusha ndani ya siku moja au mbili. Mtazame mbwa wako kwenye mwanga wa mchana, ukilinganisha jicho moja na jingine: wekundu, kufumbafumba, tongotongo za kijani, mboni zisizolingana au kusugua uso kwa mguu ni sababu ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usisubiri alie, kwani mbwa anayeumwa jicho mara nyingi hunyamaza na kulala tu. Ili kupima kama anaona, angusha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haitoi sauti, hivyo anayeona hukifuata kwa macho.

Matone ya binadamu yaachwe. Baadhi yana steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo huchelewesha kupona kwa kidonda cha konea na huweza kufanya jicho litoboke. Ndiyo maana daktari hudondosha kwanza rangi maalumu inayong'aa kijani palipo na kidonda, kisha huchagua dawa.