Anzeni na sanduku jekundu

Ninapoitwa kuanzisha kikundi kipya cha MUSO huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, akina mama huuliza kwanza habari ya mkopo. Ni haki yao. Anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anahitaji pesa mkononi alfajiri, wavuvi wanaporudi. Hata hivyo mimi huanza na sanduku jekundu.

MUSO, kifupi cha Kifaransa mutuelle de solidarité, ni kikundi cha kusaidiana, aghalabu cha watu wa avenyu moja au soko moja, na kina masanduku matatu. La kijani ni la akiba, ndilo linalokopesha. La bluu hupokea pesa za kutoka nje. Jekundu ni la mchango mdogo usiorudishwa: kilio, ugonjwa, uzazi.

Siku ya mkutano kitenge hutandikwa katikati. Kila mama huitwa jina, huweka chake, na pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kabla ya kufunga, wote hutamka pamoja kiasi kilichobaki katika kila sanduku, hivyo hata asiyejua kusoma huondoka na hesabu kichwani. Anayelaza sanduku nyumbani kwake hapewi ufunguo.

Sasa mwanachama amejifungua, na hospitali haimruhusu kutoka mpaka alipe. Akikopa kwenye kijani, mtaji wake wa sambaza unaishia kwenye bili, deni linabaki, na baada ya wiki chache aibu inamzuia kuja mkutanoni. Kikundi kimempoteza yeye na pesa pia. Jekundu linamtoa hospitali siku ileile, na mtaji wake haujaguswa.

Watu huniuliza kwa nini akina mama hawaendi benki. Mpaka sheria ya Julai 2016 iliporekebisha Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, mke alihitaji idhini ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria. Mazoea hayo hayajaisha. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafunga, na hata mwenye akaunti akakosa pa kutoa pesa. Biashara ilidorora, marejesho yakachelewa. Nilishauri vikundi vipunguze mikopo, lakini mchango wa jekundu usisimame hata wiki moja.

Ndiyo maana nawasihi wafadhili wasikimbilie kujaza la bluu. Pesa ya mgeni ikitangulia, wengi hujiandikisha kwa ajili yake, na ikiisha huondoka. Kwanza wachangiane, wazikane, waleane. Mkopo wa kwanza unaweza kungoja miezi mitatu.