Kwilti ya mtoto mchanga katika mwaka mgumu: hesabu, mishono na pale inapoharibikia

Mimba haingoji. Anayeanza kwilti ya mtoto ajaye (blanketi la matabaka matatu: uso wa vipande vilivyounganishwa, pamba ya kati na kitambaa cha nyuma; wengine huiita mfarishi) katika mwaka wa kuuguza, wa kufiwa au wa kazi zisizoisha, ana miezi michache na vipande vya nusu saa. Uamuzi wa kwanza anaoweza kuukosea ni ukubwa.

Kipimo ninachopendekeza ni sentimita 90 kwa 110: miraba 99, tisa kwa upana na kumi na mmoja kwa urefu, kila mraba ukiwa sentimita 10 baada ya kushonwa. Ukiona hata huo ni mzigo, miraba 63, yaani 7 kwa 9, inatoa 70 kwa 90, na inatosha kabisa kumtandikia mtoto sakafuni. Usijaribu ya kitanda kizima. Kwilti kubwa isiyokwisha haimfuniki mtu.

Kazi naipanga kwa kiasi cha akili inachodai. Kukata na kupima kunataka kichwa kilicholala vizuri, maana kosa la milimita mbili likipita hapo utalikuta tena kwenye kila safu. Cherehani inataka kichwa cha wastani. Mishono ya mkono, ile ya kukamata matabaka na ya kumalizia pindo, hufanyika hata siku ambayo hukumbuki ulichokula asubuhi. Basi siku njema zikija, hata zikiwa mbili tu kwa mwezi, zitumie kukata kila kitu: miraba yote, kitambaa cha nyuma, pamba ya kati, vipande vya pindo. Kila kundi lipate mfuko wake na kikaratasi cha idadi. Siku mbaya zikifika, zitakuta kazi imeshaandaliwa.

Vitambaa viwe pamba tupu, vya uzito unaokaribiana. Ukichanganya kizito na chepesi katika safu moja, kile chepesi huvutwa na kuchanika pembeni mwa mshono baada ya kufuliwa mara kadhaa. Vifue vyote kabla ya kukata, kwa maji ya joto lilelile kwilti itakalofuliwa nalo. Pamba hurudi, yaani hupungua ukubwa, kwa asilimia 3 hadi 5, na kila jora hurudi kivyake. Nyekundu iliyoiva na buluu nzito zipimwe zaidi: lowesha pembe, ifunike kwa kitambaa cheupe, bonyeza kwa pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, fua tena na upime tena. Kikishika mara ya tatu, kitambaa hicho kiache. Kitakuharibia vyeupe vyote.

Kwa miraba ya rangi mbili zinazopishana kama ubao wa drafti, unahitaji 50 ya rangi nzito na 49 ya nyepesi. Kila mraba hukatwa sentimita 11.5, kwa sababu mshono hula milimita 7.5 kila upande. Jora la upana wa sentimita 110 hutoa miraba tisa kwa kila ukanda, kwa hiyo kila rangi inataka kanda sita, yaani sentimita 69 za kitambaa. Nunua 80, ubaki na cha kukosea. Kitambaa cha nyuma kiwe angalau 105 kwa 125, na kwa pindo weka sentimita 40 pembeni.

Kata ukifuata mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa), usikate kwa mshazari. Mraba uliokatwa kwa mshazari huvutika mkononi kama mpira, na ukishonwa na mwenzake ulionyooka safu hujikunja. Kama huna kisu cha gurudumu na rula ya plastiki, kadibodi ngumu inafaa, ila ina mambo mawili. Chaki huchora mstari nje ya kadibodi, kwa hiyo mkasi upite upande wa ndani wa mstari. Na kingo za kadibodi huchakaa: baada ya miraba thelathini hivi, kata kadibodi nyingine.

Kabla ya kuunganisha chochote, fanya jaribio hili. Shona miraba mitatu ya mabaki kwa mstari, piga pasi, kisha pima ule wa katikati. Usipokuwa sentimita 10 kamili, rekebisha mshono wako sasa hivi. Mshono uliozidi milimita moja unakula milimita mbili kwa kila mraba, na kwa miraba tisa utapoteza karibu sentimita mbili. Wengi hudhani kitambaa ndicho kilichorudi. Dawa yake ni kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye bapa la chuma lililo chini ya mguu wa cherehani, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, ili kitambaa kitembee kikiwa kimeegemea ukingo huo. Sindano namba 80, urefu wa kila hatua ya mshono milimita 2.5.

Kuna mishono mifupi 88 na mirefu 10. Ile mifupi ishone kwa mfululizo bila kukata uzi kati ya jozi na jozi, halafu ukate uzi wote mwishoni. Pasi ishushwe na kuinuliwa. Ukiisukuma utapinda safu. Safu ya kwanza laza mishono kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Zikikutana, mshono wa juu na wa chini huumana kama meno, nawe utasikia kwa kidole pale inaposhikana. Hapo ndipo pembe nne hukutana sawasawa bila kutumia pini lukuki. Ukisahau kubadilisha upande, utapata vinundu vinene ambavyo sindano ya mkono itavilalamikia baadaye.

Pamba ya kati, ile iliyobanwa ikawa kama shuka, iwe nyembamba. Ya poliesta nene inavutia dukani, lakini nyuzi zake hupenya na kutokeza juu ya kitambaa cheusi au buluu kama ndevu. Pamba halisi huzidi kutulia kadiri inavyofuliwa. Ikiwa haipatikani, blanketi jembamba la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi linafanya kazi hiyo vizuri tu, na limesharudi lote.

Kitandike kitambaa cha nyuma sakafuni, uso chini, ukingo wake ubandikwe plasta ya karatasi: kinyooke bila kuvutwa. Ukikivuta, siku utakapobandua plasta kitarudi na kujikusanya mikunjo chini ya pamba. Weka pamba, weka uso wa miraba, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi inayoonekana, mistari ikitoka katikati kwenda pembeni, ikiachana sentimita 10. Bandi huchosha magoti. Usiifupishe hata hivyo, kwa sababu kwilti hii itakunjwa na kukunjuliwa pengine miezi mitatu, na matabaka yasiyoshikwa husogea.

Sasa ile kazi ya siku mbaya. Shona kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe ya kila mraba wa rangi nzito na nyepesi, upande mmoja tu. Huhitaji kuchora, pembe zenyewe ni alama. Mistari huachana kama sentimita 7, nafasi inayofaa kwa pamba nyingi za kati, ingawa maelezo ya pamba uliyonunua ndiyo ya kufuatwa. Ni mistari 19, jumla mita 14. Ukiongeza upande wa pili wa mshazari zinakuwa mita 28, na katika mwaka kama huu sioni sababu. Shona mita moja ukitazama saa, zidisha kwa 14, utajua kama utamwahi mtoto. Hesabu ikikataa, ondoa safu mbili pembeni kabla ya kupiga bandi.

Uzi usizidi sentimita 45. Ukirefuka hujisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Piga kifundo kidogo. Chomeka sindano sentimita 3 kutoka pale unapotaka kuanza, ipite ndani ya pamba bila kugusa kitambaa cha nyuma, itokee mwanzo wa mstari. Vuta polepole mpaka kifundo kigote juu ya kitambaa, kisha kivute kwa mshtuko mdogo. Utasikia tup, kifundo kimezama. Kikigoma, kikwangue kwa ukucha huku ukivuta. Kikitoka chote, kilikuwa kidogo mno: zungusha uzi mara moja zaidi. Mkono wa chini ukae chini ya kwilti, kidole kikisikia ncha ya sindano kila inapopenya, na subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa juu. Mishono miwili au mitatu kwa sentimita inatosha. Ilingane, udogo utakuja wenyewe. Kila baada ya mstari pitisha kiganja upande wa nyuma. Mkunjo ukiugundua leo unafumua sentimita 10. Wa wiki ijayo utakugharimu mistari minne.

Pindo: kata vipande vitano vya sentimita 6, viunganishe kwa mshazari ili unene usikusanyike pahala pamoja, kunja utepe mzima katikati kwa urefu, piga pasi. Mzingo ni sentimita 400, na ziada ya 30 ndiyo ya kukutanisha ncha. Punguza pamba na kitambaa cha nyuma vilingane na uso, shona utepe upande wa uso kwa milimita 7.5, ukianzia katikati ya ubavu, usianzie kwenye pembe. Kwenye pembe simama milimita 7.5 kabla ya ukingo, kata uzi, kunja utepe juu uelekee nje, kisha uushushe mpaka mkunjo ulingane na ukingo, ndipo uanze ubavu unaofuata. Ukiuvuta utepe wakati wa kushona, ubavu utajikusanya. Upande wa nyuma malizia kwa mshono wa kujificha.

Mabaki yanatoa zawadi ndogo za jioni moja. Kitambaa cha kucheulia: flaneli na taulo, kila kimoja 25 kwa 50, uso kwa uso, acha tundu la sentimita 8, geuza, shona pembeni pande zote. Bibu ina shingo ya mviringo, na hapo utepe wa pindo lazima ukatwe kwa mshazari, la sivyo utakunjamana. Soksi na glavu za kitambaa zina hatari yake: uzi unaoning'inia ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu, kwa hiyo geuza, kata, kagua tena. Vifungo, shanga na riboni ndefu siviweki kabisa kwenye kitu cha mtoto mchanga.

Mzazi aambiwe pia kwilti ni ya nini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri blanketi na vitu laini visiwepo mahali anapolala mtoto mchanga, na tahadhari hiyo ni ya mwaka wote wa kwanza. Hii basi ni ya kutandika chini, mtoto akiwa macho na mtu mzima akiwapo.

Fumua bandi, fua kwa sabuni isiyo na manukato, ikaushe ikiwa imelazwa. Itatoka na makunyanzi madogo kuzunguka kila mshono, kwa sababu pamba ya kati imerudi kidogo. Usipige pasi kuyaondoa. Ndani ya mfuko weka kikaratasi: maji ya vuguvugu, isikamuliwe kwa kusokota, isianikwe kwa kuning'inizwa pembe moja.