Vijiko vitatu, mayai matatu: mtoto anajifunza nini jikoni kwako

Mama amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye sinia. Pembeni yake amechuchumaa mtoto wa miaka mitatu na nusu, viganja vimeshajaa vumbi. "Hebu nipe maharage matatu," anasema mama. Mtoto anachota, anampa kiganja kizima. "Wewe si unajua kuhesabu?" Na kweli anajua. Jumapili iliyopita walikuja wageni, akahesabu moja mpaka kumi bila kukwama, akapigiwa makofi na kupewa soda.

Mzazi akiona hivyo hudhani mtoto hakusikia, au anafanya makusudi. Si hivyo. Kutaja namba kwa mfuatano ni jambo moja, kujua idadi ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni kama wimbo. Mtoto anaweza kuuimba wote bila kujua unasema nini. La pili linamtaka aelewe kwamba "tatu" aliyoitaja mwisho si jina la lile harage la mwisho alilolishika, bali inayahesabia yote kwa pamoja. Watafiti wa makuzi ya watoto wamelifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, katika lugha mbalimbali, na mwenendo unafanana. Mtoto huanza kwa kuelewa moja. Namba nyingine zote kwake ni "nyingi" tu. Miezi ikipita anaelewa mbili, kisha tatu. Halafu siku isiyotarajiwa, mara nyingi akiwa karibu na miaka minne, anaigundua siri yenyewe, na tangu hapo ukimwomba sita au saba anahesabu na kukupa. Safari hiyo yaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo yule wa kiganja kizima hajachelewa. Yuko njiani.

Nimeanza na maharage kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi kwenye vikao na wazazi ni hili: "Mwalimu, nimnunulie daftari gani ili aanze kusoma nyumbani?" Kazi yetu chuoni ni kuandaa walimu wa madarasa ya awali, na wazazi hutegemea tutaje kitabu, chati ya ukutani au programu ya kwenye simu. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Nawaambia: ukipika leo, mwite.

Tuendelee na namba, maana hapa Kiswahili chenyewe kina mambo. Mtoto wetu anasikia vijiko vitatu, mayai matatu, watu watatu, miti mitatu, ndizi tatu. Sisi watu wazima hatuoni ajabu, lakini yeye inabidi agundue kwamba vitatu, matatu, watatu na mitatu ni tatu ileile iliyobadilisha kanzu. Akishaizoea, anakutana na sita, saba na tisa, namba tulizozitoa kwenye Kiarabu, ambazo hazibadiliki hata uzisukume: vijiko sita, mayai sita, watu sita. Hakuna mwalimu anayeweza kumwekea mtoto kanuni hizi ubaoni akaelewa. Anazipata kwa kusikia vitu halisi vikitajwa mara nyingi, na mahali penye vitu vingi vya kutajwa nyumbani ni jikoni.

Upande wa pili, lugha inambeba. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linakwambia kuna kumi na kuna kitu juu yake. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Kwake kumi na moja na kumi na mbili zina majina mapya yasiyotaja kumi popote. Ila bahati yetu inaishia kumi na tisa. Ishirini na thelathini nazo ni za Kiarabu, hazionyeshi zimetoka wapi, kwa hiyo usishangae mwanao akifika kumi na tisa akaendelea "kumi na kumi". Kimantiki hajakosea hata kidogo, na ningekuwa mimi ningemsifu kabla ya kumwambia neno ishirini.

Kwa vitendo, fanya hivi. Mnapopanga vyombo, hesabuni kwa kugusa, kimoja kimoja, kisha mwishoni rudia idadi pamoja na kitu chenyewe: "Moja, mbili, tatu. Vijiko vitatu." Hiyo sentensi fupi ya mwisho ndiyo wengi tunaisahau, na ndiyo inayomwambia mtoto kuhesabu kote kule kulikuwa kwa ajili gani. Baki kwenye namba ndogo kwa muda mrefu. Anayekuletea vijiko vitatu bila kukosea ameshika kitu kikubwa kuliko anayeimba mpaka mia.

Mkono nao una masomo yake. Mtoto wa miaka mitatu anayelazimishwa kushika penseli na kufuatisha vidoti huchoka haraka kwa sababu misuli ya vidole haijakomaa. Mpe donge la unga wa chapati alikande, ndizi mbivu aimenye, soksi zake azifikiche kwenye beseni, vifungo vya shati avifunge mwenyewe hata kama mnachelewa. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoandika baadaye. Akikoroga matope uani akakwambia ni uji, kubali kunywa.

Na maji msimnyime, mkiwa mnaangalia. Mchukulie kikombe kipana cha bati na bilauri nyembamba ndefu. Mimina maji ya kikombe kwenye bilauri mbele ya macho yake, kisha muulize kama maji yameongezeka. Watoto wengi wa miaka minne na mitano watakwambia yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Jaribio hili lilipata umaarufu kupitia Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, lakini nyanya zetu walikuwa wakilijua bila kulipa jina: mtoto anayelia kwamba juisi yake ni kidogo huhamishiwa kwenye glasi nyembamba, akanyamaza. Usimbishie wala kumcheka. Mwache amimine na kurudisha mara kumi. Ndivyo atakavyokuja kushtuka mwenyewe.

Jambo linalonisumbua zaidi kuliko daftari ni ukimya. Kuna nyumba ambazo mtoto huzungumzishwa kwa amri tu: njoo, kaa, acha, kula, nyamaza. Amri zina kazi yake, lakini hazihitaji jibu, na mtoto hujenga lugha kwa kujibu. Anza na kile anachokitazama yeye. Kama macho yako kwenye sisimizi, ongelea sisimizi. Uliza, "Wanapeleka wapi hiyo sukari?" kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu. Mtoto mdogo huhitaji sekunde kadhaa kupanga maneno, na sisi kwa kukosa subira tunamjibia. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujaongeza neno. Akisema "siafu napeleka mama yake", usimwambie "umekosea". Mjibu, "Ahaa, sisimizi wanampelekea mama yao!" Amesikia lililo sahihi, na mazungumzo hayajakatika.

Lugha gani? Ile unayoimudu. Nakutana na wazazi wanaojua Kiswahili au Kisukuma kwa kina, lakini kwa kuwa mtoto ataenda shule ya mchepuo wa Kiingereza, wanamzungumzisha Kiingereza cha maneno hamsini. Hadithi hakuna, utani hakuna, maelezo ya kwa nini mvua inanyesha hakuna. Mtoto anabaki na maneno hamsini hayohayo. Anayejua kueleza na kuuliza katika lugha ya nyumbani huhamisha uwezo huo kwenda lugha nyingine, na bibi anayezungumza Kihaya na mjukuu wake hamchanganyi. Mtoto ana nafasi ya lugha mbili au tatu bila taabu.

Kusoma sasa. "Nyumbani kwetu hatuna vitabu," wananiambia. Kanga je? Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi, kwa herufi kubwa ambazo hata bibi asiyekuwa na miwani anaziona. Mkiianika kambani, pitisha kidole chini ya maneno, kutoka kushoto kwenda kulia: MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Mtoto hatasoma siku hiyo. Atajua kwamba ile michoro inasema kitu, kwamba ina upande wa kuanzia, na kwamba M ya MAMA ni ileile iliyo kwenye jina la Mariamu jirani. (Kanga za mipasho ziwekeni kabatini, maana watoto hukariri na kwenda kurudia mbele ya mwenye kupashwa.) Mfuko wa unga, kalenda ya ukutani, ubavu wa daladala ulioandikwa Mbagala na Kariakoo: vyote vinasomeka.

Kabla ya herufi, kuna sikio. Maneno ya Kiswahili yanakatika vizuri kwa silabi, na mtoto anayezisikia silabi hapati shida akifika kwenye ba, be, bi, bo, bu. Pigeni makofi: nyu-mba, mawili. Ndi-zi, mawili. M-to-to je? Matatu. Watu wazima wengi hupiga mawili, "mto-to", kwa kuwa wanafikiria maandishi. Lakini ile m ya mwanzo ni silabi kamili, na mtoto mwenye sikio safi huisikia. Mbwa naye hupigiwa mawili. Mkishazoea, chezeni kinyume, ule mchezo wa zamani wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Nyumba inakuwa mbanyu. Meza inakuwa zame. Na mezani, ukiigeuza, inakutokea "nimeza". Nimeona watoto wa miaka sita wakigaragara kwa kicheko kwa hiyo moja. Kicheko hicho ni ushahidi kwamba wameweza kulipasua neno na kuliunga upya, kazi ambayo kusoma kunaihitaji.

Vitendawili vinafanya kazi nyingine. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto lazima aache nyumba, afikirie umbo, afike kwenye yai. Kuku wangu katagia mibani: nanasi. Mdogo wa miaka minne atakisia ovyo na atataka kutega vyake visivyo na jibu. Mpe mji hata hivyo.

Kuhusu simu sitasema mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, chini ya hapo ni bora. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate saa 10 hadi 13 za usingizi na angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku. Kombolela na rede zinamaliza dakika hizo kabla ya adhuhuri. Katuni ya dakika ishirini wakati unakaanga samaki haijaua mtu, lakini simu isigeuke yaya.

Na yaya mwenyewe? Kwenye nyumba nyingi za mjini anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, naye mara nyingi ni binti mdogo aliyeelekezwa kila kitu kuhusu vyombo na hakuelekezwa lolote kuhusu mtoto. Haya ninayoyaandika msomee yeye kwanza. Mwambie wazi kwamba kukaa na mtoto dakika kumi wakipeta mchele na kupiga stori hakutahesabiwa kuwa uvivu, kwa sababu akidhani kutahesabiwa, atawasha runinga na kukimbilia sufuria. Baba anayerudi usiku naye asitafute somo maalumu. Kumwogesha mtoto huku wakitaja goti, kiwiko na kisigino kunatosha kabisa.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2021 programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ndani yake ujifunzaji wa awali umewekwa sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Elimu ya awali katika shule za serikali haina ada tangu 2016. Mwandikishe wakati ukifika, usisubiri ajue kusoma. Mwalimu wa awali anafurahi zaidi kumpokea mtoto anayejua kwenda chooni, kusema jina lake kamili, kusubiri zamu na kuuliza swali.

Usalama sasa, maana jikoni ni jikoni. Jiko la mkaa liwe na mpaka ambao mtoto havuki, mchoreeni kwa chaki. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Ndoo ya maji ifunikwe, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye maji machache. Kwa wa chini ya miaka mitatu acha maharage, karanga na visoda. Mhesabieni vijiko, viazi na malimau, vitu visivyoingia kooni. Na kwa wale wakubwa kidogo, harage huwa na tabia ya kuishia puani. Likishaingia usilichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala usimwagie maji, kwani likilowa huvimba na kukaza. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, na njiani mnaweza kumuuliza aliweka mangapi.