Makaburi ya Vita Kando ya Rufiji Hayana Mali ya Mjerumani

Malalamiko ya watu wanaochimba usiku kwenye maeneo ya Vita Kuu ya Kwanza, wakitafuta kile wanachokiita mali ya Mjerumani, yaani hazina wanayodhani Wajerumani waliifukia, yanazidi kutufikia.

Mwanzoni mwa Januari 1917 majeshi ya Uingereza yalivuka Mto Rufiji, katika Tanzania ya leo, huko Kibambawe, yakiwafuatia Wajerumani wa kamanda Paul von Lettow-Vorbeck, ambao tarehe 25 Novemba mwaka huohuo walivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Risasi, mashua na unga vilifika mtoni juu ya vichwa vya wapagazi, na wapagazi hao waliuawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Huko Behobeho, kaskazini ya mto, Kapteni Frederick Selous wa jeshi la Uingereza aliuawa tarehe 4 Januari. Kaburi lake lina bamba lenye jina, kikosi na tarehe. Mpagazi aliyefia njia hiyohiyo hakuwekewa hata jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa.

Kwa hiyo mahali pasipo na jiwe panaweza kuwa kaburi. Tumeeleza mara nyingi, na tunarudia: anayechimba hapo anafukua mifupa ya babu zetu.

Kifungu cha 127 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtia hatiani anayeingia makaburini kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kutusi dini yao. Kuhamisha kaburi kwa manufaa ya umma kunafuata Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969, ambayo fidia yake ni gharama za kiasi kinachofaa za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya tambiko. Anayetarajia zaidi ya hapo hakuisoma.

Jembe likigonga mfupa au kifungo cha sare, acha kila kitu kilipo, fukia kidogo kuzuia mbwa na mvua, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji, naye awaarifu mtendaji na polisi. Familia yenye jina la babu aliyechukuliwa upagazi asirudi iliandike, pamoja na kijiji alikotoka, kabla wazee wanaolikumbuka hawajaondoka.